Neno la Mwisho ni la Nani: Kipimo au Mguu?

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Mtu analowesha unyayo, anakanyaga sakafu kavu ya saruji, anainua mguu, kisha anaitazama alama iliyobaki. Alama ikijaa kuanzia kisiginoni hadi vidoleni, huambiwa ana unyayo bapa. Ikibonyea kiasi upande wa ndani, unyayo wake ni wa kawaida. Na kama kisigino na sehemu ya mbele vimeunganishwa na utepe mwembamba tu wa maji upande wa nje, au havikuunganishwa kabisa, huyo ana tao la juu. Alama hukauka baada ya dakika chache, lakini hukumu inayotolewa kutokana nayo hudumu miaka: mwenye unyayo bapa apewe kiatu kigumu kinachozuia mguu kulalia ndani, wa kawaida apewe cha wastani, na mwenye tao la juu apewe kiatu laini chenye soli nene, maana mguu wake ni mkavu, haunyumbuki, na mshindo wa kila hatua hupanda moja kwa moja mifupani. Mkimbiaji wa namna hiyo anaposita kati ya kiatu laini na kiatu cha shughuli zote, kile cha soli ya wastani kinachovaliwa siku ya mazoezi mepesi, siku ya kasi na hata siku ya mashindano, huonekana anauliza swali la dukani tu. Kumbe ndani yake mna swali la wanafalsafa, tena la kale: tunapotafuta kinachomfaa mtu mmoja, tumsikilize nani, kundi tulilomweka au mtu mwenyewe? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba kipimo kinastahili kusema kwanza, ila hakistahili kusema mwisho, na kwamba anayekiachia neno la mwisho anakabidhi uamuzi ambao hakuna mwingine anayeweza kuufanya kwa niaba yake.

Kipimo kina hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Mguu wa binadamu una mifupa 26 iliyoshikamanishwa kwa kano na misuli, na tao lake lina kazi maalumu. Mwaka 1954 J. H. Hicks alieleza namna utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi vidoleni unavyokazika vidole vinapokunjwa kwenda juu, ukalinyanyua tao na kuukaza mguu wote ili uusukume mwili mbele. Mwaka 1987 Robert McNeill Alexander wa Chuo Kikuu cha Leeds na wenzake wakaonyesha upande wa pili wa kazi hiyo: mguu unapotua tao hushuka kidogo, likaweka nishati katika kano zake, kisha likairudisha mguu unaponyanyuka. Kwa hesabu yao, takriban asilimia 17 ya nishati inayopokewa na kutolewa katika kila hatua ya mkimbiaji hupitia kwenye tao. Kwa hiyo tao lililo juu na lisiloshuka si jambo dogo. Mwaka 2001 Dorsey Williams, Irene McClay na Joseph Hamill walilinganisha majeraha ya wakimbiaji 20 wenye tao la juu na 20 wenye tao la chini. Wenye tao la juu walielekea kuumia mifupa, kifundo cha mguu na upande wa nje wa mguu. Wenye tao la chini waliumia zaidi goti, misuli na kano, na upande wa ndani. Umbo la mguu, basi, lina habari za kutuambia, na anayedai kwamba miguu yote ni sawa anabishana na ushahidi. Kama hoja ya makala haya ingekuwa kwamba vipimo ni upuuzi, ingekuwa imeanguka papa hapa.

Tatizo linaanzia kwenye hatua inayofuata. Kujua kwamba mtu fulani yuko katika hatari fulani ni jambo moja. Kujua kwamba kitu fulani kitamwondolea hatari hiyo ni jambo jingine, na la pili halitoki ndani ya la kwanza kwa mantiki peke yake. Lazima lijaribiwe. Majeshi ya Marekani yalilijaribu kwa upana ambao duka lolote lisingeuweza. Mwaka 2009 na 2010 Joseph Knapik na wenzake walichapisha tafiti tatu, moja ya jeshi la nchi kavu, moja ya jeshi la anga na moja ya kikosi cha Marine. Makuruta walioingia mafunzo ya awali waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilipewa viatu kwa kufuata umbo la unyayo, yaani wenye tao la juu wakapata vile laini, wa kawaida wakapata vya wastani, na wenye nyayo bapa wakapata vile vigumu. Kundi la pili, nyayo zao ziwe zilivyo, lilipewa viatu vya aina moja ya wastani. Wote wakafuata mafunzo yaleyale, kwa ratiba ileile. Hesabu ya majeraha ilipopigwa, kugawa viatu kwa umbo la unyayo hakukuonyesha faida ya maana, si kwa wanaume, si kwa wanawake. Ikumbukwe kwamba kuruta hakimbii anapotaka wala hapumziki anapotaka, kwa hiyo kama kanuni ingekuwa na nguvu ya kulinda mguu, hapo ndipo mahali ambapo nguvu hiyo ingejionyesha. Kanuni iliyozoeleka kutajwa kana kwamba ni sheria ya maumbile ilifikishwa mbele ya maelfu ya miguu, ikashindwa kujitetea.

Han Fei, mwanafalsafa wa China wa karne ya 3 kabla ya Kristo, anasimulia habari za mtu wa nchi ya Zheng aliyetaka kununua viatu. Alipima mguu wake nyumbani, akakiacha kipimo alipokuwa ameketi, akaenda sokoni. Viatu vikiwa tayari mkononi ndipo alipokumbuka kwamba kipimo hakuja nacho, akarudi nyumbani kukichukua. Alipofika tena, soko lilikuwa limefungwa, akakosa viatu. Watu walipomuuliza kwa nini hakuvijaribu kwa miguu yake, alijibu kwamba anakiamini kipimo kuliko anavyojiamini mwenyewe. Wasomaji humcheka, na wana haki, lakini kichekesho hiki kinafaa kuchunguzwa polepole, kwa sababu kipimo cha yule bwana kilikuwa sahihi. Kilitokana na mguu wake, wala hakikuongopa hata kidogo. Kosa lake lilikuwa katika kupanga mashahidi: alimtanguliza aliyeachiwa habari mbele ya aliyekuwepo. Han Fei alikuwa akiwalenga wanazuoni walioshikilia maneno ya wafalme wa zamani huku hali ya nchi ikiwa imebadilika mbele ya macho yao, na shabaha yake ilikuwa pana kuliko viatu. Kila elimu inayowapanga watu kwenye makundi inakabiliwa na kishawishi hicho. Kundi liliundwa kwa kuwatazama watu. Likishaundwa, tunaacha kuwatazama watu na kulitazama lenyewe. Mwenye tao la juu anayesema kiatu laini kinamtetemesha kifundo, kisha akajibiwa kwamba haiwezekani kwa kuwa tao lake ni la juu, amekutana na yule bwana wa Zheng, safari hii akiwa upande wa pili wa meza.

Kwa nini kanuni yenye mantiki nzuri namna ile ishindwe? Sababu ya kwanza ni kwamba alama ya maji ni habari za mguu uliosimama. Mkimbiaji hasimami. Anatua, na kwa sehemu ndogo ya sekunde nguvu inayozidi mara mbili uzito wa mwili wake inapita kwenye unyayo mmoja. Hapo tao moja la juu hushuka vizuri kwa kuwa kano zake zinanyumbuka, na jingine lililoacha alama ileile halishuki. Urefu wa tao na unyumbukaji wake ni mambo mawili, na sakafu inasoma moja tu. Sababu ya pili ni nzito zaidi: mwili hauvishwi kiatu ukabaki ulivyokuwa. Juha-Pekka Kulmala na wenzake walichapisha mwaka 2018 utafiti uliolinganisha kiatu cha soli nene na laini mno na kiatu cha kawaida. Waliokimbia wakiwa na kile laini walikaza miguu zaidi, na mshindo wa kutua, badala ya kupungua, ukaongezeka. Miaka minane kabla yake, Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walikuwa wameonyesha, kwa kuwapima wakimbiaji wa Marekani na vijana wa Bonde la Ufa nchini Kenya, kwamba waliozoea kukimbia pekupeku mara nyingi hutanguliza sehemu ya mbele ya mguu, na waliozoea viatu hutanguliza kisigino. Ukibadili kinachovaliwa, mvaaji naye hubadilika. Abebe Bikila alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu, kwa saa 2:15:16. Mwaka 1964 mjini Tokyo akashinda tena akiwa na viatu, kwa saa 2:12:12. Miguu ni ileile, majibu mawili yanayopingana, na yote mawili yalikuwa sahihi siku yake. Kanuni inayodai kwamba umbo la mguu lina jibu moja haina pa kumweka mtu wa namna hiyo.

Hapa ndipo wengi wanaochoka na ubishi husema: basi nichukue cha katikati, kiatu cha shughuli zote, yaishe. Uamuzi huo una sura ya busara, na mara nyingi hutetewa kwa jina la Aristotle, aliyefundisha kwamba jema liko kati ya kuzidi na kupungua. Lakini Aristotle mwenyewe aliuziba mlango huo, tena kwa mfano wa mwanamichezo. Katika kitabu chake cha maadili anasema kwamba kama mina kumi za chakula (mina ni kipimo cha uzito cha kale) ni nyingi mno na mbili ni chache mno, haifuati kwamba mwalimu wa mazoezi ataagiza sita, kwa sababu sita zinaweza kuwa chache kwa Milo, yule bingwa wa mieleka wa Kroton, na nyingi kwa mtu anayeanza mazoezi. Wastani wa hesabu uko palepale kwa wote; wastani wa mtu unamtegemea mtu. Kiatu cha shughuli zote ni wastani wa hesabu. Kimetengenezwa kwa kugawanya tofauti kati ya ulaini na wepesi, na hakijui chochote kuhusu anayekivaa. Wagiriki walikuwa na kiatu kilichoingia mguu wa kulia na wa kushoto bila kuchagua, na jina la kiatu hicho wakampa Theramenes, mwanasiasa wa Athens aliyeonekana kuzienea pande zote mbili. Hawakulitoa kama sifa. Kiatu cha katikati kina faida zake za kweli: kwa kawaida ni chepesi kuliko kile kinene, na tafiti zinakadiria kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kiatu huongeza takriban asilimia 1 ya nishati anayotumia mkimbiaji. Ila faida hiyo ipimwe kwa mazoezi ya mtu, wala isichukuliwe kwa sababu tu kwamba katikati kunaonekana kuwa salama.

Pingamizi la kwanza lenye uzito linatoka kwenye takwimu zenyewe. Mtu anaweza kusema kwamba ulaini umethibitishwa, na kwamba hoja hii inaupuuza. Ni kweli kwamba mwaka 2020 Laurent Malisoux na wenzake wa Luxembourg walichapisha jaribio la wakimbiaji 848 wa kawaida waliopewa viatu vinavyofanana kwa nje, baadhi vikiwa na soli laini zaidi na vingine ngumu zaidi, bila wao kujua kipi ni kipi. Waliopata soli ngumu waliumia zaidi, na hatari yao ilikuwa takriban mara moja na nusu. Huo ni ushahidi mzuri kwa upande wa ulaini, na mwenye haki lazima aupokee. Lakini tazama mahali faida hiyo ilipokaa. Watafiti walipowagawa watu kwa uzito, faida ilionekana kwa wepesi wa mwili. Kwa wazito haikuonekana, kinyume kabisa na fikra ya kawaida kwamba mzito ndiye anayehitaji soli laini. Hivyo jaribio lililotupa sababu nzuri ya kuchagua ulaini limetupa wakati huohuo sababu ya kutoliamini kundi tulilokuwa tukilitumia. Mstari uliowatenganisha watu haukupita kwenye tao. Kesho utafiti mwingine unaweza kuonyesha mstari mwingine, wa umri, wa mwendo au wa majeraha ya zamani, na kila mstari utakuwa na ukweli wake. Mtu mmoja husimama kwenye makutano ya mistari hiyo yote, na hakuna jedwali lenye kisanduku chenye watu wa kutosha waliofanana naye kwa kila kitu. Kadiri takwimu zinavyozidi kuwa nzuri, ndivyo zinavyozidi kutuonyesha kwamba kazi ya mwisho inabaki kwa anayekimbia.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, kwa sababu linamgeukia shahidi tuliyemtanguliza. Je, mguu wenyewe hauongopi? Unaongopa, na yapo majaribio yanayouumbua. Mwaka 1997 Steven Robbins na Edward Waked waliwakanyagisha watu juu ya sehemu zilizofanana kwa kila kitu, isipokuwa maneno waliyoambiwa kuzihusu. Walipoambiwa kwamba kilicho chini kina kinga bora dhidi ya mshindo, walitua kwa kishindo zaidi. Walipotahadharishwa, walitua kwa upole. Tangazo peke yake lilibadili hatua. Na kila muuza viatu anajua kwamba soli inayobonyea kama godoro jipya humpendeza mteja kwa dakika mbili anazotembea dukani, wakati kilomita ya kumi na tano bado haijatoa ushahidi. Lakini pingamizi hili linapinga hisia ya haraka, halipingi uzoefu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kulalia si kukalia ukingoni kwa dakika mbili. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, ambaye kwa miongo kadhaa alichunguza nguvu zinazopita miguuni, alipendekeza pamoja na wenzake mwaka 2015 kwamba starehe itumike kama kichujio cha kuchagulia kiatu. Sehemu ya msingi wake ilikuwa utafiti wa mwaka 2001 ambamo wanajeshi walijichagulia soli za ndani kwa kigezo cha kuwakaa vizuri, wakapata maumivu machache kuliko wenzao ambao hawakupewa chochote. Ushahidi huo hauifungi kesi, kwa kuwa wale wa pili hawakupewa hata soli za kulinganishia. Unatosha hata hivyo kuonyesha kwamba shahidi huyu ana la kusema, mradi apewe muda na aulizwe maswali sahihi.

Hatari nyingine iko katika kudhani kwamba kumpa mtu neno la mwisho ni kumfukuza mtaalamu. Mapokeo ya sheria za dini, ambayo hakuna anayeyashutumu kwa kudharau kanuni, yanaonyesha namna mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja. Funga ya Ramadhani ni ya lazima, na mgonjwa ameruhusiwa kula akalipa baadaye. Lakini nani ataamua kwamba ugonjwa huu, kwa mtu huyu, utazidishwa na funga? Wanazuoni wa fiqhi wametaja uzoefu wa mgonjwa mwenyewe na neno la tabibu mwaminifu. Kanuni imebaki kanuni, tabibu amebaki na heshima yake, na bado kuna mahali ambapo sheria yenyewe inamgeukia mtu na kumuuliza anajua nini kuhusu mwili wake. Kinachotakiwa kwake hapo ni uaminifu, kwa kuwa anaweza kujidanganya akitafuta wepesi au akitafuta sifa. Vivyo hivyo mkimbiaji aliyepewa neno la mwisho hakupewa ruhusa ya kupenda anachopenda. Amepewa mzigo wa kusema kweli juu ya maumivu ya asubuhi, juu ya kilomita alizoongeza ghafla akasingizia kiatu, na juu ya rangi iliyomvutia kabla hajakivaa. Pengine ndiyo sababu tunapenda sana tuambiwe tuko kundi gani: kundi hutupumzisha na kazi hiyo. Likikosea, lawama ni yake.

Pingamizi la tatu ni la umaskini wa chaguo. Wengi wanaokimbia Afrika Mashariki hawasiti kati ya aina mbili za viatu vipya; wanachagua katika rundo la raba za mitumba, na swali la kwanza ni kama namba inatosha na soli haijapasuka. Je, falsafa hii si anasa ya wenye nacho? Epictetus, aliyezaliwa mtumwa na kuishi na kilema cha mguu, aliona jambo hili kwa upande mwingine. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mwili ndio kipimo cha mali kama mguu ulivyo kipimo cha kiatu. Ukikivuka kipimo hicho utataka kiatu cha dhahabu, kisha cha zambarau, kisha cha nakshi, na kilichovuka kipimo hakina mpaka tena. Aliyerudisha kipimo mguuni ni yule asiyekuwa na mali. Mafundisho yake yanamfaa mnunuzi wa mitumba kuliko yanavyomfaa mwenye kabati lililojaa, kwa sababu rundo halina muuzaji wa kumsomea jedwali, na silaha yake pekee ni kuvaa, kurukaruka, kusikiliza na kukirudisha kisichomkaa. Mwenye uwezo wa jozi mbili naye ana ushahidi wa kuutumia: katika utafiti mwingine wa Malisoux, uliowafuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22, waliobadilishana jozi zaidi ya moja walikuwa na hatari ya kuumia iliyo chini kwa asilimia 39. Kwake yeye swali la laini au cha shughuli zote linaweza kulainika lenyewe, kwa kuwa havilazimiki kushindana. Mwenye jozi moja ndiye anayelazimika kuamua, na ndiye anayestahili hoja iliyo wazi.

Upo mpaka ambao hoja hii haiuvuki. Kila kilichosemwa kuhusu ushahidi wa mguu kinategemea mguu unaohisi. Tao la juu, hasa lililozidi sana, wakati mwingine ni dalili ya ugonjwa wa neva, na maradhi ya kurithi ya Charcot-Marie-Tooth ni mfano unaojulikana. Kisukari nacho kinaweza kuua hisia za unyayo polepole, mtu akapata kidonda ndani ya kiatu asijue. Tao lililoanza kupanda ukubwani, lililo mguu mmoja tu, au linaloandamana na ganzi au udhaifu wa vidole ni suala la daktari kabla halijawa suala la kiatu. Katika hali hizo shahidi wa ndani amenyamazishwa, na kipimo cha nje kinapaswa kuchukua nafasi yake. Hili haliidhoofishi hoja, linaonyesha msingi wake. Neno la mwisho ni la mguu kwa sababu mguu ndio unaopokea athari na kuzitolea habari. Habari zikikatika, na haki hiyo hukatika.

Ndani ya mpaka huo, mwenye tao la juu anaweza kuuliza maswali yanayojibika. Aanze juu ya mguu kabla ya kuteremka chini: tao la juu mara nyingi huenda pamoja na mgongo wa mguu ulioinuka, kwa hiyo kamba zikimkandamiza pale pa juu kabisa, aruke matundu ya hapo kabla hajalaumu soli. Aangalie kifundo kwenye kona na kwenye changarawe, kwa kuwa hatari yake iko upande wa nje, na soli iliyo nene, laini na yenye upana mdogo inaweza kuuachia mguu uteguke huko huko ambako tayari ni dhaifu. Asikilize mfupa wa ukingo wa nje na mfupa wa muundi, si wakati wa kukimbia pekee bali hata asubuhi inayofuata, na afanye hivyo kwa wiki kadhaa bila kuongeza umbali wala kasi, ili likija jibu ajue limetoka kwenye kiatu. Akiwa mwepesi wa mwili, anayekimbia sana kwenye lami kwa mwendo wa pole, ana sababu nzuri ya kuanza na kiatu laini. Akiwa na jozi moja tu kwa kazi zote, au kama njia zake ni za mawe na kifundo kimewahi kuteguka, ana sababu nzuri ya kuanza na cha shughuli zote. Hizo ni sehemu za kuanzia, na kila moja inaweza kukanushwa na kilomita hamsini za kwanza. Anayetoa ushauri, awe kocha, muuzaji au daktari, ana wajibu wa kuusema kwa sura hiyohiyo: haya ndiyo yanayojulikana kuhusu watu wanaofanana nawe, jaribu, kisha rudi unieleze. Ushauri usioacha nafasi ya kurudi na kueleza umejinyima njia pekee ya kujua kama ulikuwa sahihi.